Samaki wa Ubatizo

Jumatatu asubuhi Marie-Thérèse alikwenda ziwani kusugua masufuria, akakuta uso wa maji umekuwa mweupe. Alidhani ni povu la mvua ya usiku. Alipokaribia ndipo alipoona kuwa ni matumbo ya tilapia, wakubwa wakubwa, wameelea ubavu kuanzia kwenye matete hadi katikati ya ziwa.

Masufuria yakamtoka mikononi. Jana tu mjukuu wake Ariel alikuwa amebatizwa, na kwaya nzima ya parokia ilikula uani kwake, huku pembezoni mwa Lubumbashi kwenye barabara ya Kipushi. Walikula bukari ya unga wa mahindi, sombe la majani ya muhogo, na tilapia ambao mumewe Kapya aliwavua Jumamosi katika maji haya haya. Watu walilamba vidole. Chancelvie, mkwe wake, mama wa mtoto, alimaliza wawili akaomba mwingine, naye Marie-Thérèse akampa kwa furaha, maana anayenyonyesha hanyimwi.

Sasa yule mtoto alikuwa akinyonya nini?

Ziwa lenyewe lilikuwa shimo la zamani la udongo wa matofali, lililojazwa na kijito kinachoshuka kutoka upande wa migodi. Watu waliyasifu maji yale, lakini hapohapo wakiongeza kwamba iko siku yataharibika. Marie-Thérèse aliona siku yenyewe imefika.

Nyumbani, Kapya alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Tunyamaze mbele, tuone. Hakuna muntu alilalamika. Ukisema, bantu batasema tulibalisha sumu."

"Na kama kuko mwenye tumbo inamuuma? Batamupa dawa ya malaria, ju hakuna mwenye alibaambia."

"Jina yetu itaharibika, mama."

"Iharibike."

Aliingia chumbani kwa Chancelvie. Alimkuta amekaa kitandani, mtoto kifuani. Alipoulizwa anajisikiaje, alisema ana njaa. Siku nyingine jibu hilo lingemtuliza mama mkwe. Leo halikusaidia kitu, kwa kuwa alishasikia kwamba ziko sumu zinazochelewa. Akajifunga kitenge upya, akatoka.

Clément, kiongozi wa kwaya, alikuwa kwenye cherehani yake. Marie-Thérèse alimweleza yote akiwa bado mlangoni, bila kusalimia. Clément hakumlaumu. Alisukuma kitambaa kando, akachukua simu, akaanza kuwapigia wanakwaya mmoja mmoja. Kila aliyepokea alikuwa mzima. Mwingine aliuliza kama samaki walibaki. Musonda, mwimbaji wa tenori anayefundisha mambo ya samaki wa maziwa pale chuo kikuu, alisema anakuja mara moja na kwamba mtu yeyote asiwaguse waliokufa.

Aliyebaki ni Delphine, mama mzee anayeishi peke yake. Simu yake haikuita. Clément akajaribu tena, ikawa vile vile.

"Mi ninaenda," Marie-Thérèse akasema.

Alitembea kwa haraka hata viatu vikamkera, akavishika mkononi. Mlango wa Delphine ulikuwa umefungwa. Alibisha, akaita, akasikiliza, ndani kimya. Aliegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi machozi yakamjia. Ndipo aliposikia jembe. Akazunguka nyuma ya nyumba: Delphine alikuwa ameinama kwenye matuta, kanga kiunoni, akipanda mahindi.

"Mama Delphine, simu yako..."

"Haina moto, betri ilikufa. Mvua imenyesha, ungetaka nilale?"

Marie-Thérèse alichuchumaa palepale kwenye udongo, akamweleza. Yule mama akaegemea jembe lake.

"Mutoto yangu, mi nilikula mpaka bichwa. Kama kulikuwa sumu, ungenikuta baridi. Sasa amuka, unakanyaga mahindi yangu."

Alipofika ziwani, Musonda alikuwa ndani ya maji hadi magotini.

"Angalia benye balikufa, mama," alisema. "Bote ni bakubwa. Ingekuwa sumu, badogo njo bangekufa ba kwanza. Kuya huku."

Akampeleka hadi kijito kinapoingilia. Hapo tilapia wadogo walikuwa wamesongamana mpaka maji yakaonekana meusi, midomo juu, wakigombea maji mapya; lakini walikuwa wakiogelea. Kambale mmoja alipita katikati yao bila haraka.

"Huyu anapumua hewa ya juu kama shiye bantu. Tilapia anangojea ile iko ndani ya mayi. Joto ilikuwa kali, mayi ya chini ikaoza. Sasa mvua ya jana imeivuruga yote. Na samaki balikuwa bengi kupita kiasi. Hewa haikubatosha. Bakubwa njo banahitaji mingi."

"Na benye tulikula?"

"Balivuliwa Jumamosi, mbele ya mvua. Balikuwa bazima."

Alisema hata hivyo atabeba maji kwenye chupa ayapime, na kwamba mpaka apige simu pasivuliwe kitu. Marie-Thérèse alitikisa kichwa kukubali. Akakaa kwenye matope na kitenge chake kizuri, akicheka kidogo kidogo kama mtu anayekohoa.

Kapya alitokea ng'ambo, amebeba sepetu, suruali imeloa.

"Ulitoka wapi?" mkewe akauliza.

"Kwa bantu ba ng'ambo. Nilibaambia basiokote hata samaki moja." Akaangalia pembeni. "Nilianza kwa baba paroko, nikamuambia yote."

Marie-Thérèse alimnyooshea mkono amwinue, lakini Kapya, badala ya kumwinua, akakaa naye matopeni. Baadaye wakachimba shimo pamoja na Musonda, wakafukia samaki.

Kabla ya Jumapili Musonda alipiga simu: maji hayakuwa na sumu yoyote. Marie-Thérèse alimwomba arudie, Chancelvie naye asikie. Kisha akajilaza kwenye mkeka kando ya mtoto, mchana kweupe, akalala usingizi mzito hata bukari ya siku hiyo ikapikwa na Kapya.