Shemeji Hupimwa Begani

Marehemu alimwachia mjane wake vitu vitatu: banda linalovuja, redio isiyoshika stesheni, na shemeji mwenye miguu minne.

Shemeji ndilo lilikuwa jina la farasi. Marehemu alizoea kumwita "ndugu yangu", basi mkewe naye, kwa utani, akamwita shemeji, na jina likaganda. Lilikuwa jitu la farasi, jeusi, la kuvuta magogo, kwato kama masufuria.

Ndugu huyo ndiye aliyemuua ndugu yake. Hakukusudia. Siku ya ajali Shemeji alikuwa akishushwa kinyumenyume kutoka kwenye tela la mlango wa nyuma. Kishindo cha bati kikamshtua, akarudi nyuma kwa nguvu, na mzee alikuwa katikati ya mnyama na nguzo. Tangu hapo Shemeji akiuona mlango wa nyuma huganda kama kisiki. Hata umbembeleze vipi, hapandi.

Na sasa kiwanja kilikuwa kimeuzwa, banda livunjwe Jumamosi. Binti wa bibi huyo mjane alikuwa na shamba lenye majani tele, mwendo wa saa tatu kwa gari. Shemeji asipofika huko kabla ya Jumamosi, angekuja mchinja farasi na bunduki yake. Alishakuja kumtazama, akampapasa shingo kama mtu anayechagua godoro.

Alhamisi, bibi na mkwewe wakaenda kwa muuza matela. Mkwe alikuwa fundi bomba, futikamba haitoki mfukoni hata msibani.

"Nataka la mlango wa ubavuni," bibi akasema. "Aingie hatua mbili, uso mbele, kama bwana harusi, na atoke vivyo hivyo. Mambo ya kinyumenyume tulishayazika."

"La ubavuni linataka mwenye ubavu, bibi," muuzaji akamtania.

"Mbavu zangu ninazo zote, mjukuu wangu. Waliopunguziwa ni nyinyi."

Yalikuwapo mawili. La kwanza lilikuwa refu kama mnara, limejaa kutu. Bibi akapanda, akadunga sakafu kwa bakora, bakora ikazama. Mbao zimeoza. La pili lilikuwa jeupe, safi, fupi kidogo. Hilo alilikagua kuliko alivyomkagua mkwe siku ya posa: akarukaruka juu ya ubao wa kupandia, akabembea kwenye mlango kujaribu bawaba, akanusa kila pembe.

"Dari futi ngapi?"

"Saba," muuzaji akajibu.

"Shemeji ni futi sita. Inabaki futi nzima ya hewa."

Mkwe akatoa futikamba. "Mama, hizo futi sita ni mpaka wapi?"

"Begani. Farasi hupimwa begani. Umeoa nyumba ya farasi miaka yote hii hujui?"

"Na kichwa je?"

"Kichwa ataingia nacho. Yeye hakisahau nyumbani kama watu fulani."

Muuzaji akacheka mpaka akashika tumbo. Mkwe akaiacha futikamba ijikunje, trrr. "Tungechukua lile refu, mama, nikabadilisha mbao. Siku mbili, tatu hivi."

"Siku tatu ni Jumapili. Jumapili utakuwa unabeba nyama."

Haukuwa ubishi mtupu. Bibi alikuwa kibete wa watu, na kwa miaka kumi na saba Shemeji hakuwahi kusimama mbele yake kichwa juu. Kila alipomkaribia, farasi aliinama mpaka paji la uso likagusa kifua chake, akunwe. Bibi alimjua mpaka begani. Kilichozidi hapo kilimjia chenyewe.

Ijumaa asubuhi akampandisha kwenye lile tela jeupe.

"Twende, shemeji. Usinitie aibu mbele ya mkwe."

Shemeji akainama kama kawaida yake, akamfuata. Hatua mbili tu, hakusita. Bibi akamkuna, akatokea kilango cha mbele, akapanda gari la mkwe huku akimsanifu: "Umeona? Kichwa kimeingia. Wala hakikuhitaji futikamba yako."

Hawakufika kona.

Humo ndani hapakuwa tena na mtu wa kuinamiwa. Shemeji alinyanyua kichwa, na dari ikamjibu. Kishindo kilekile cha bati. Tela likayumba kulia, likayumba kushoto, kwato zikapiga kuta, mara kitu kikavunjika kwa sauti ya ubao mkavu. Mkwe alipofungua, farasi alikuwa chini, mguu wa mbele umepinda pasipo na kiungo.

Mchinja farasi hakungoja Jumamosi. Alifika upesi, akasema "Pole, mama." Risasi ilikuwa moja.

"Nyama nitaichukua mimi," mchinja farasi akasema.

"Huyu ni mtu wa nyumbani," bibi akajibu. "Tuliahidi kumpeleka shamba."

Wakaendelea na safari, saa tatu nzima, tela jeupe nyuma yao limetulia, wala mkwe hakusema nilikwambia. Laiti angesema.

Shambani, binti alikuwa amekwisha kumwita jirani mwenye trekta la kuchimbia. Jirani akazima injini. "Shimo futi ngapi?"

Mkwe akatazama viatu vyake. Bibi akamwingizia mkono mfukoni, akatoa futikamba, akamwekea kiganjani.

"Nenda, baba," akasema. "Mara hii pima na kichwa."