Pini Iliyopoa Yenyewe

Mwaka wa 1964, waasi walipokaribia Butembo, kamyo ya Jumaine, lori lake la mizigo, ilivunjika pini inayoshika resori, yaani springi, ya mbele. Mke wake Mwanvua alikuwa na uchungu tangu asubuhi, mtoto amelala vibaya tumboni, na daktari alikuwa amebaki Beni tu.

Vagheni, fundi wa chuma, alikata vipande viwili kutoka mashine ya kahawa iliyokufa. Akafua pini ya kwanza, akaipasha hadi ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini kama alivyozoea. Ka! Ikapasuka katikati.

"Yesu!" Vagheni aliruka nyuma.

"Fundi, unafanya nini?" Jumaine aliuliza.

"Mi hapana jua! Haiyafanyaka vile hata siku moya."

Akafua ya pili; ndiyo kwanza ameitoa motoni risasi zilipolia barabarani. Akaitupa chini. Jumaine akambeba mkewe kutoka kwenye kamyo, wote wakakimbilia migombani. Huko walimkuta Siméon, mwalimu wa ufundi, naye amejificha.

Kulipotulia wakarudi pamoja. Pini ilikuwa imepoa yenyewe mavumbini. Vagheni, akidhani imelainika, akaipiga tupa. Tupa ikateleza kama juu ya kioo. Nywele zikamsimama.

"Nani ametia hii mu mayi?"

"Hakuna mutu," Jumaine alinong'ona.

Siméon aliinama akaitazama. "Hapana bulozi, fundi. Hii chuma iko na kromu na nikeli ndani. Chuma ya kawaida ikiwa nyekundu, kaboni inayeyuka mule. Ikipoa polepole, kaboni inapata wakati ya kutoka na kujipanga, chuma inakuwa laini. Njo maana unaikamata gafla na mayi, ibaki nguvu. Lakini kromu na nikeli zinachelewesha kaboni kutoka. Hata upepo inatosha kuifungia mule. Mayi inaipoza kwa nguvu sana, njo inapasuka."

"Sasa niiweke ku kamyo?"

"Bado. Itavunjika sawa chupa. Irudishe ku moto kidogo, mpaka rangi ya buluu."

Vagheni akafanya hivyo, mdomo wazi, akaifunga pini kwenye kamyo, wakaondoka na Mwanvua kwenda Beni. Njia nzima alikaa pembeni ya dereva, akishika kichwa kila gurudumu lilipoingia shimoni. Pini ikashika mpaka Beni.

Jioni, muuguzi Berthe alitoka chumba cha uzazi akipangusa mikono. "Papa Jumaine, mama iko muzima. Batoto nabo."

"Batoto?"

"Babili." Berthe aliinua vidole viwili.

Jumaine alimgeukia Vagheni, kisha akakaa chini palepale mlangoni.