Wasifu wa Mdogo Wangu

Saa tatu na nusu asubuhi niliona jina la mdogo wangu kwenye mstari wa thelathini na sita wa orodha ya wanafunzi, na viti vilikuwa ishirini. Pembeni, kwa rangi nyekundu, modeli ya kompyuta niliyoiunda kwa mikono yangu ilikuwa imeandika wasifu wake: hana nia, hamalizi anachoanza, uwezekano wa kuacha kozi asilimia themanini na moja.

Chuo chetu kinawafundisha kwa mtandao watu wanaotaka kuwa mafundi wa meno bandia. Nadharia wanasoma kwenye simu, kisha ishirini wanaitwa karakana kwa vitendo, na asiyeitwa basi tena. Nusu ya alama zinatoka kwenye mitihani. Nusu nyingine modeli yangu inaziokota kwenye kurasa zao za mitandao ya kijamii: wanaandika nini, saa ngapi, wanamcheka nani. Orodha ilitakiwa kutumwa saa nne kamili.

Huyo mdogo wangu kucha zake hazijatoka plasta mwaka mzima. Dirishani kwake kumejaa mataya aliyoyafinyanga mwenyewe. Hana nia?

Nikafungua ukurasa wake. Maneno yote yalikuwa yangu.

Ofisini kwetu ni marufuku mfanyakazi kuonekana mtandaoni saa za kazi, na mimi mdomo wangu hauna breki. Mwaka jana mdogo wangu aliniambia, "Dada, tumia tu akaunti yangu, mimi mambo ya mitandao nimeacha, nasoma." Nikaidaka. Nimegombana na watu kuhusu tamthilia saa tano asubuhi, nimetangaza mazoezi ya kupunguza mwili mara nne na kuyaacha mara nne, yote kwa jina lake. Fomu ya chuo ilidai akaunti, naye alikuwa na hiyo moja tu. Na fomu niliitunga mimi.

Ningeweza kubadilisha namba moja nikajitia hamnazo. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe Bwana Asilimia aliposimama nyuma ya kiti changu. Ndivyo tunavyomwita mkurugenzi wetu akiwa hayupo.

"Mbona umeganda?"

"Huyu wa thelathini na sita, bosi. Nadhani kuna kosa."

"Kosa? Si wewe uliyeniapia kwamba haikosei?" Akainama, akasoma kwa sauti ofisi nzima isikie: "'Bosi akichelewa, ni foleni. Nikichelewa mimi, ni tabia.'" Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mtu kama huyu umpe kiti? Huyo bosi wake namhurumia."

Saa ya ukutani ilisema nne kasoro dakika sita. Nikimeza, mdogo wangu amekwisha. Nikitema, nimekwisha mimi. Niliogopa, sitadanganya. Nikapiga moyo konde, nikatoa simu na kuiweka mbele yake, imefunguka kwenye ukurasa uleule.

"Bosi huyo ni wewe. Aliyeandika ni mimi. Mwenye jina ni mdogo wangu, na hajaandika neno mwaka mzima kwa sababu anasoma."

Mkurugenzi aliupandisha ukurasa, akauteremsha, akasoma na mengine ambayo ni heri asingeyasoma. Kisha akaufuta ule wasifu, akaacha alama za mitihani peke yake. Mdogo wangu akaruka hadi nafasi ya tisa. Aliyekuwa wa ishirini akashuka, akawa wa ishirini na moja, mstari wake ukageuka mwekundu.

"Na huyu?" nikauliza. "Na hao wengine wote? Tunajua akaunti zao zinatumiwa na nani?"

"Saa nne," alisema, akaituma orodha. "Kitambulisho chako kiache mezani."

Nilikuwa kwenye ngazi, nimebeba kikombe changu na sweta, simu ilipolia.

"Dada! Nimeitwa!" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Na nilivyokuwa naiogopa hiyo kompyuta yenu! Kumbe inanijua!"

"Hongera, mdogo wangu," nikamwambia. Nilitaka kumweleza na mengine, nikaendelea kushuka ngazi. Yule wa ishirini na moja naye alikuwa anasoma ujumbe wake wakati huohuo, na yeye hana dada ofisini.