Mkosi wa Mtu Mwingine

Nafundisha sayansi darasa la tano, na kila mwaka mwezi wa Novemba wanafunzi wangu huniuliza swali lilelile: mwalimu, taa ya karatasi inapaaje? Nawajibu kwamba hewa ikipata moto huwa nyepesi, na kilicho chepesi hupanda. Wanaandika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza inashukia wapi, na mimi sikuwahi kuwaambia. Miaka ishirini na mbili ya kazi.

Kwetu, nje kidogo ya mji wa Chiang Mai, mwezi mpevu wa Novemba ndio sikukuu ya taa. Mtu ananunua taa yake, anaandika ubavuni jina lake, siku aliyozaliwa na shida anayotaka imtoke, anawasha, anaachia. Shida inaondoka na taa. Inakwenda kwa nani, hilo si lake tena. Nikisema hivi watu huniambia mwalimu umekuwa mchungu siku hizi, na ni kweli, nimekuwa mchungu.

Imani hiyo ina upande wa pili ambao watalii hawaambiwi. Taa ikiangukia kwako, mkosi wa aliyeiachia umekuwa wako. Usiiguse. Unamwita mzee wa hekalu, anakuja na sinia la magome ya mgomba lenye wali, maua, sigara na wanyama wadogo wa udongo, anausomea ule mkosi mpaka uondoke, ndipo taa inaokotwa na kutupwa nje ya kijiji.

Mama yangu anaamini, na ana sababu. Mdogo wangu Thanu aliokota taa moja uani asubuhi ya sikukuu, akaikunja huku anacheka, akaitia kwenye pipa la taka. Wiki ya tatu akagongwa na lori akiwa kwenye pikipiki yake. Tangu hapo sikuwahi kubishana na mama juu ya taa. Mtu akishazika mwanawe hubishani naye kuhusu kilichomuua.

Baba yeye alikuwa fundi wa taa. Zamani, kabla hazijaanza kuletwa sokoni kwa magunia, aliwatengenezea watu wa hekaluni kwa karatasi ya mforosadi, na utambi wake ulikuwa mfupi kama kidole. Watu walilalamika kwamba unazimika mapema. "Taa nzuri inafia juu," ndivyo alivyowajibu, na hakuongeza hata nusu ya utambi. Za sasa zina kitumbua kizima cha nta, ziwake sana, zipigwe picha sana, na zinashuka zikiwa hai.

Jioni ninayoisema baba alikuwa na miaka miwili kitandani. Kiharusi kilikuwa kimeua upande wote wa kulia na kumnyang'anya maneno. Alibaki na mkono wa kushoto na ubao wa sakafu: akigonga mara moja ni maji, akigonga mara mbili ni haja. Nyumba yetu ni ya mbao, imesimama juu ya nguzo, na chumba chake kilikuwa kimepakana na jiko. Nyumba nzima ilikuwa na vigae isipokuwa jiko. Mama alitaka paa la majani pale, moshi upate pa kupitia.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, giza ndio kwanza linaingia. Nilikuwa namlisha baba wali wa kunata kwa mchuzi, donge dogo baada ya dogo, niliposikia kitu kinajiburura juu ya jiko. Mama, aliyekuwa langoni akipanga vibakuli vyake vya mishumaa, akaniita kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu maishani, siku ya lori. Nikashuka.

Taa ilikuwa imekaa juu ya majani, imelala ubavu, karatasi imebonyea. Kwenye duara lake la waya palikuwa na moto kidogo tu, usiozidi kichwa cha sigara. Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta. Mtungi wa maji ulikuwa umejaa hadi shingoni. Nikachota ndoo na kuweka mguu kwenye ngazi.

"Kaewla, shuka."

"Mama, moto ule."

"Moto gani? Unazimika wenyewe. Shuka nakwambia. Thanu naye aliona ni karatasi tu."

"Thanu aligongwa na lori, mama."

"Na lori lilitumwa na nani?"

Akanishika sketi. Mama ana miaka sabini na tisa na vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, lakini alinishika kama mtu anayemvuta ng'ombe mtoni. "Nimebaki na wewe peke yako," akasema. "Usinizikishe mara ya pili."

Jirani yetu Somphet alikuwa ameshaingia uani na tochi yake. Akaimulika taa, akasoma yale maandishi polepole, kwa sauti, kama anayesoma tangazo la serikali. "Duangchan. Mzaliwa wa Jumatano. Ugonjwa wa titi unitoke." Akazima tochi. "Hiyo ni saratani, Mwalimu. Hiyo si ya kushika kwa mkono."

Nilishuka. Nataka ieleweke kwamba nilishuka mwenyewe. Nilimtazama mama, nikamwonea huruma, nikaweka ndoo chini na kuchukua pikipiki kwenda kumwita Mzee Inkaew.

Hekalu haliko mbali, dakika nne. Mzee Inkaew, ambaye aliwahi kuwa mtawa na sasa ndiye anayetuondolea mikosi kijiji kizima, alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi, viganja vimeungana, macho yamefumbwa nusu. Nikamnong'oneza.

"Imeanguka kwenu? Pole. Kichwa kimeelekea wapi?"

"Kichwa cha nini?"

"Cha taa."

"Mzee wangu, taa haina kichwa. Twende, bado inawaka."

"Mwalimu, huu si mtihani wa darasa la tano. Kaa chini. Watawa wako katikati ya sala, nitawakatizaje mbele? Na mama yako kaandaa sinia?"

"Nadhani anaandaa."

"Basi kaa, aandae."

Nikakaa. Mwalimu wa sayansi, mwenye cheti ukutani, alikaa mkekani na kukunja miguu upande mmoja kwa adabu, akingoja sala iishe. Nje ya dirisha taa zilikuwa zinapaa kwa makundi na watu wanashangilia. Dakika kumi, kumi na tano, sikuangalia saa. Kipaza sauti cha kijiji kilipokwaruza, kabla mtu hajasema neno, nilikuwa nimeshajua.

Mengine nilisimuliwa na Somphet. Moto ule mdogo haukuzimika. Ulizama ndani ya majani, ukatambaa chini kwa chini, na walipouona ulikuwa tayari upande wa chumba cha baba. Somphet na wanaume wengine wawili walifika na ndoo, wakasimama chini ya paa na kuanza kuulizana: je, kuimwagia taa maji ni kuigusa au si kuigusa? Mmoja alisema maji si mkono. Mwingine akasema ndoo imeshikwa na mkono. Watu wazima watatu, ndoo tatu zimejaa, paa linaungua.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba akikata magome ya mgomba kwa ajili ya sinia. Alimsikia baba anagonga. Hakugonga mara moja wala mara mbili, aligonga mfululizo. Mama akampandishia sauti, "Ngoja kidogo, baba Kaewla, nakuja kukuwekea chombo." Baba akaendelea kugonga. Nadhani mzee alikuwa ameunusa ule moto mapema kuliko sisi sote. Maisha yake yote alikuwa ameishi na nta na karatasi. Baadaye akanyamaza, na mama akadhani ameamua kungoja.

Somphet ndiye aliyeingia mwishowe. Alimbeba baba mgongoni akateremka naye ngazi inayowaka, na mikono yake yote miwili iliungua hadi viwikoni. Kwa hiyo siwezi hata kumchukia vizuri. Baba alifia hospitalini alfajiri. Moshi, walisema. Ajali haina kinga, walisema pia, wote, mmoja baada ya mwingine, wakinishika bega. Hii ilikuwa na kinga. Ilikuwa ndoo moja, nami nilikuwa nimeishika.

Tulimlaza baba ukumbini kwa Somphet, jeneza likiwa limezungukwa na maua, na watawa wakaja kusoma kila jioni. Mama hakula. Siku ya kwanza nilidhani ni huzuni. Siku ya pili alianza kusema, kwa sauti ya kawaida, kama anayehesabu mbegu: "Aligonga, nikamwambia angoje." Ukimpa maji, "Aligonga, nikamwambia angoje." Siku ya tatu akanitazama na kuongeza: "Ulikuwa umeshapanda ngazi." Nikaona anakoelekea. Akili yake ilikuwa inatembea polepole kuelekea kwenye kitu ambacho mimi nilikifikia usiku ule ule, na nilijua kwamba akikifikia hatarudi.

Mchana wa siku hiyo alikuja Duangchan.

Sikuwa namfahamu. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka kijiji cha upande wa pili wa mashamba, kofia ya sufu kichwani kwenye joto lile, na chini ya kofia nywele changa za mtu aliyetoka kwenye dawa. Somphet alikuwa amelisoma jina lake kwa sauti, na jina likisomwa kwa sauti kwetu halilali. Waliokuwa karibu na mlango walisogeza mikeka yao. Akatambaa kwa magoti hadi mbele ya mama, akaweka chini sinia la nguo za kuwapa watawa, akainama.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Sikujua itaanguka kwa nani."

Mama alimwangalia kama anayeangalia ukuta. "Aligonga," akasema, "nikamwambia angoje."

Duangchan akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo."

"Juzi nimetoka kwa daktari, dada yangu. Ananiambia uvimbe umepungua. Tangu hapo silali. Mume wangu ananiambia ni dawa. Wewe umesoma, niambie ukweli. Ni mkosi wangu uliomuua baba yako?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu hospitalini. Hapana, dada. Dawa yako ndiyo inayokuponya, na baba yangu ameuawa na kipande cha nta ambacho mtoto angekizima kwa kikombe cha maji. Ameuawa na mkono ulioshika sketi yangu na mimi niliyekubali kushikwa. Wewe nenda nyumbani ukalale. Ndivyo ilivyokuwa, na yeye alikuwa anastahili kuambiwa, kwa maana alikuwa mgonjwa, alikuja kwa miguu yake, na aliuliza kwa adabu.

Mama alikuwa ameacha kurudia maneno yake. Alikuwa ameinua uso na kunitazama mdomoni.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mkosi wako."

Ukumbi ukapumua. Mama akafumba macho, mabega yakamshuka, akasema kwa utulivu kabisa, "Si unaona. Ulikuja na kazi yake." Kisha akaomba wali. Mke wa Somphet akamletea kikapu mbio mbio, na mama akafinyanga donge kwa vidole vyake vilivyopinda, akachovya, akatia mdomoni, kwa mara ya kwanza katika siku tatu.

Duangchan aliinamia jeneza mara tatu. Aliporudi mlangoni hakuviona viatu vyake, watu walikuwa wamevisukuma kwa miguu mbali na vya wengine, akazunguka akivitafuta juani kwa muda mrefu, na hakuna aliyeinuka kumsaidia, hata mimi.