Shangazi na Swichi ya Ukutani

Shangazi Mwanakhamisi alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona chumba hakina mtu, lazima azime swichi ukutani. Redio, pasi, hata chaja ya mgeni alizima, huku akinung'unika kwamba umeme hauchotwi mtoni. Tabia hiyo ndiyo iliyoiua kompyuta ya kwanza ya Ruwaida, kule Kihesa, Iringa. Binti alikuwa anaiwekea toleo jipya la programu ya ndani, ile inayoamka kwanza na kuiamsha mashine yenyewe, akatoka kwenda kuswali. Shangazi akapita, akazima. Programu ikakatikia njiani, na kompyuta haikuwaka tena.

Lawama zote alibebeshwa Ruwaida. Baba yake mdogo, Muhidini, mwenye duka la vitambaa Iringa mjini, alikubali ajaribu tena kazi yake ya video, safari hii Mbeya, kwa sharti moja.

"Ukiua na hiyo ya pili, unarudi kunikatia vitambaa. Mambo ya video basi!"

Sasa hiyo ya pili, pale mtaa wa Soweto, Mbeya, ilianza kujizima katikati ya kuhariri video za harusi. Watengenezaji walishatoa toleo jipya la ile programu ya ndani, la kutibu maradhi hayo. Asipoliweka, wateja watamkimbia. Akiliweka vibaya, mkasi wa baba mdogo unamngoja. Na siku aliyopanga kuliweka, nani akapiga hodi na kikapu cha nyanya za Iringa? Shangazi!

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ruwaida alimwamkia, akampa chai. Kumtoa nje mama wa watu ni laana ya kujitafutia. Akaona bora aseme.

"Shangazi, ile ya Kihesa sikuiua mimi. Ilizimwa ukutani."

"Na nani?"

Ruwaida akainamia kikombe chake. Shangazi akaelewa.

"Mimi? Na ukabeba matusi yote yale? Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ningekusemaje, shangazi, mbele ya mdogo wako?"

Macho ya shangazi yakalowa. "Haya, leo niambie cha kufanya."

Kazi ikaanza. Ruwaida alinakili video zote kwenye diski ya nje, akaichomoa, akampa shangazi aifunge kwenye pindo la khanga. Akasoma jina la modeli kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya mashine, herufi kwa herufi, akalilinganisha na la tovuti ya watengenezaji wenyewe, maana dawa ya mashine nyingine kwa hii ni sumu. Akafunga programu zote, akahakikisha ile betri ya akiba, UPS, imejaa. Mwisho akaenda kwa jirani yake Edmund, fundi mchomeleaji anayezifanya taa za mtaa mzima zikonyeze, akamwomba apumzike.

"Usijali dada, mi nakunywa chai kwanza," akasema Edmund.

Bismillahi, akabonyeza.

Shangazi alivuta kiti, akakaa mgongo ukiwa umeziba swichi. Mteja mmoja akaja kuomba kuchaji simu.

"Leo hapa hata nzi hatui!" akamfukuza.

Kazi ilipofika nusu, umeme ukakatika Soweto nzima. UPS ikaanza kulia. Mkono wa shangazi ukanyanyuka wenyewe kwenda kwenye kitufe chake. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaukalia kabisa. Mara kioo kikawa cheusi.

"Imekufa!"

"Usiguse, shangazi. Inajiwasha upya." Ruwaida alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Kumbe alikuwa anaogopa sana. Kioo kikabaki cheusi muda ambao kwake ulikuwa mwaka.

Kisha nembo ikatokea, na chini yake namba ya toleo jipya.

Akaizima kwa utaratibu. Umeme uliporudi alasiri, akaitwisha video nzito kuliko zote alizokuwa nazo. Hadi adhana ya magharibi haikujizima hata mara moja. Shangazi akapiga vigelegele mpaka Edmund akaja mbio na miwani yake ya kuchomelea usoni, na Ruwaida akacheka huku analia.

Shangazi akaomba simu, akampigia mdogo wake.

"Muhidini! Ile kompyuta ya Kihesa niliiua mimi, dada yako. Hii ya Mbeya imepona mikononi mwa Ruwaida, nimeona kwa macho yangu. Mkata vitambaa tafuta mwingine."

Akakata simu kabla hajajibiwa.