Mfalme Aliyegoma Kutoka Jenezani

Igwe, ndivyo wanavyomwita mfalme huko, alikuwa maiti tangu asubuhi. Walimlaza kwenye jeneza katikati ya ua wa nyumba ya kukodi pale Asaba, mji wa filamu wa Nigeria, pamba puani, kofia nyekundu ya kifalme kifuani, na kina mama walioletwa kumlilia wakalia mpaka sauti zikawakauka. Maisha yake yote ya filamu na runinga alikuwa akiigiza wafalme, na wafalme wenyewe karibu wote walikufa kabla hadithi haijafika katikati, ili watoto wapate kugombea kiti. Alichoka kulishwa sumu. Alichoka kukohoa. Alichoka kusema, "Mwanangu, sogea karibu."

"Kata," alisema Somto, kijana mwongozaji. "Igwe, amka ule."

Mzee hakuamka.

Waigizaji wa zamani wa Asaba wana mwiko wao. Aliyelazwa jenezani hatoki mpaka aitwe kwa jina lake mwenyewe, lile alilopewa na baba yake, naye aitikie. Akitoka bila kuitwa, basi amekubali kwamba aliyekufa ni yeye. Miaka yote aliyekuwa akija kumwita ni mkewe, Ugoye. Na Ugoye walimzika kabla ya mvua kuanza.

"Niiteni," mzee alisema, macho kayafumba.

"Igwe."

"Huyo ndiye aliyekufa."

"Baba," Somto akajaribu.

"Baba yako yuko kwenu."

Nwakaego, anayewapaka waigizaji poda, akainama juu yake. "Siku zote nakupaka uso huu, kumbe na jina unalo?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Kujitajia jina angeweza, lakini nani hujiita mwenyewe? Na humo ndani palikuwa laini, mgongo umeacha kuuma. Likamjia wazo kwamba abaki tu humo. Wazo hilo ndilo lililomtisha.

Ndipo akatoka jikoni Mama Chinyelu, mke wake wa filamu tangu enzi za kanda za video. Hawakuwa wakisemezana tangu Pasaka, siku mzee alipomwambia mbele ya watu kwamba analia kama mbuzi aliyefungiwa chooni. Mkononi alikuwa na kipande cha okpa, mkate wa njugu mawe, bado kinatoa moshi.

"Nasikia mume wangu kagoma kufufuka," alisema. "Nimekuwa mjane wako mpaka nguo nyeusi zimenipaukia."

Akainama, akaona mzee hatanii, akaacha mzaha.

"Ozoemena Ilozue," akaita. "Mtoto wa Ilozue fundi baiskeli. Uliyekuja kujaribiwa uigizaji ukiwa na viatu vya kuazima. Toka humo, chakula kinapoa."

"Nipo," aliitikia mzee. Wakamvuta mikono, akakaa, akaitoa pamba puani, akapumua.

Somto alikuwa ameinamia kamera, anajikuna shingo. "Mzee wangu, samahani. Kofia inapanda na kushuka, unaonekana unapumua. Inabidi turudie."

Ozoemena akairudisha pamba puani, akajilaza.

"Wewe," alimwambia Mama Chinyelu, "lia hapa hapa. Usiende mbali."

Mama Chinyelu akavuta kiti. "Nalia kama mbuzi, si ndiyo?"

"Unalia vizuri."

"Sisikii."

Mzee akarudia kwa sauti, kina mama wote wakasikia. Ndipo akafumba macho.