Wanyama Alipopewa Mpira

Nilikuwa na wachezaji wawili wa maana, na mmoja hakutaka kumpa mwenzake mpira. Hilo ndilo lililokuwa tatizo langu mwaka ule. Tajiri wa hoteli aliyetulipa mishahara alikuwa ametujengea uwanja wa saruji hapa Ras Kitau, kisiwani Manda, akanifanya kocha kwa sababu ujanani niliucheza mpira wa vikapu Mombasa. Aliniambia timu isipopanda ligi ya taifa, anaivunja.

Harith alitoka Faza, visiwani humu humu. Mfupi, mwepesi, na mpira wote ulipitia kwake. Wanyama alitoka bara, Webuye. Milango yetu aliingia ameinama, na chini ya kikapu hakuna aliyemweza. Kazi ilikuwa moja tu: Harith apenye, walinzi wamkimbilie, ampe Wanyama aliyebaki peke yake. Harith alipenya, akamwona, akampa mwingine.

"Kocha, huyu msee hanioni ama ni roho mbaya?" Wanyama aliniuliza.

"Muulize mwenyewe."

Akamuuliza mbele ya wote. "Harith, buda, urefu wote huu na bado hunioni? Nivae taa kichwani?"

Wenzao wakacheka. Harith hakucheka. Ilikuwa Ramadhani, alasiri, jua linachoma, na Wanyama alikuwa ameshika chupa. Nusu ya maji ameyanywa, nusu amejimwagia kichwani.

"Nakuona sana," Harith alisema. "Nakuona na mai yako mbele ya watu waliofunga. Siku utakayokuwa mmoja wetu, nitakupa mpira."

Maji yalikuwa kisingizio. Kabla ya Ramadhani pia hakuwa akimpa. Kabla ya Wanyama kuja, watu waliovuka kwa boti kutoka Shela kuja kutazama waliita jina moja tu, la Harith. Nilijua hivyo, lakini nilinyamaza nione maneno yake yatafanya nini.

Kesho yake Wanyama hakuja na chupa. Wala siku zilizofuata. Nilifurahi. Huku visiwani, asiyefunga hula na kunywa kwa kujificha mwezi huo. Polisi, walimu wa bara, wapishi wa hoteli, kila mmoja ana pembe yake. Nikaona Wanyama naye amepata ya kwake, labda nyuma ya jiko. Harith aliona vivyo hivyo. Mtu akijisitiri kwa ajili ya heshima yako, humuulizi amekunywa wapi.

Harith akaanza kumpa mpira. Mwanzoni kwa uchoyo, pasi moja na nyingine. Kisha akaonja utamu wake, kwa sababu walinzi wakimwogopa Wanyama, yeye Harith alipata njia nyeupe. Mazoezini wakawa hawahitaji hata kuitana. Mkono ukienda, mwenzake yupo.

Mechi ya kupanda ligi ilipangwa alasiri ili iishe kabla ya futari. Wageni walitoka Mombasa, wakubwa kwa miili na midomo. Katika robo mbili za mwanzo hatukuwapa nafasi. Harith alipenya, Wanyama akafunga. Tajiri alikuwa amesimama juu ya kiti.

Robo ya tatu, Wanyama alianza kudondosha mipira.

"Wanyama! Mikono!" Harith alipiga kelele.

Nilimwita kando, nikamshika bega. Lilikuwa kavu na la moto. Wenzake wote walikuwa wameloa jasho. Nikamwambia akaze kidogo, nikamrudisha ndani, kwa sababu wageni walikuwa wanatukaribia.

Refa aliposimamisha mchezo, Wanyama alitembea hadi benchi ya wageni akaketi katikati yao.

"Kocha!" mmoja wao akaniita. "Huyu amehama timu!"

Uwanja mzima ukacheka. Wanyama naye akacheka, kisha akaanguka na uso chini.

Tulimpakia boti ya hoteli kumvusha hospitali, nami nikaingia naye. Harith aliiacha mechi akaruka ndani, akakilaza kichwa cha Wanyama mapajani mwake.

"Ulikunywa saa ngapi?"

"Sijakunywa. Nimefunga, buda. Kama wewe."

"Daku ulikula nini?"

"Daku ni nini?"

Harith akanitazama. Mtu huyu alikuwa anakula chakula cha jioni, analala mpaka asubuhi, kisha anashinda hivyo hivyo na kukimbia juani. Hakuna aliyemwambia kwamba waliofunga huamka usiku kula na kunywa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba amefunga.

Harith alimwekea chupa mdomoni. "Nwa mai! Dini yenyewe yakwambia ufungue! Nwa!"

Wanyama alikaza midomo. Maji yakamteremka shingoni.

"Jua bado liko," alisema.

Hakusema jingine. Alifariki kabla ya alfajiri.

Timu ilishinda bila wao wawili, kwa kikapu kimoja. Ligi tulipanda.

Mama yake Wanyama alikuja kumchukua. Tulimpokea kwenye kiwanja cha ndege cha Manda, wachezaji wote tumepanga mstari kwa jezi, wazo la tajiri. Mama hakutazama jezi. Alisema daktari amemweleza kwamba mwanawe hakuwa na maji mwilini, na yeye alimlea kanisani, hajamsikia hata siku moja akitaja kufunga Ramadhani.

"Alikuwa anafunga kwa nini?" aliuliza.

Nilifungua mdomo niseme lolote, lakini Harith alikwisha kutoka kwenye mstari.

"Ili nimpe mpira, mama," alisema.

Yule mama akamsogelea.

"Na ulimpa?"

"Nilimpa."

Mama akageuka, akafuata jeneza.